Nukta Tatu Chini ya Kizibo

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Yamna aliifunika lenzi kwa kizibo chake, akaiweka kamera juu ya meza ya studio na kuiacha ipige picha ya giza tupu. Ndiyo kawaida yake kabla ya kila harusi. Kamera ikiachwa imefumbua jicho muda mrefu hupata joto, na baadhi ya chembe zake za kupokea mwanga huwaka zenyewe pasipo mwanga wowote. Mafundi huziita nukta moto. Ukishaziona zilipo kwenye picha ya giza, unazifuta kwenye picha ya bibi harusi, na shela linabaki jeupe pe.

Siku hiyo zilikuwa nyingi, maana joto la Julai halina huruma. Akaifunga kamera ndani ya mfuko, akaitia kwenye friji kando ya mtindi, akapiga tena. Nukta za joto zikatoweka. Zikabaki tatu nyekundu, mbili zimekaa karibukaribu, moja ya kushoto kando kidogo. Alipopiga nyingine, zile tatu zilikuwa zimesogea.

Yamna akavuta kiti, akaketi. Ile ya kushoto ilikuwa Mimoun, mumewe. Alimjua kwa kujitenga kwake, maana Mimoun hajapata kula na watu bila kuwapa mgongo.

Mwanzoni mwa mwezi, Mimoun, Lahbib na mzee Bouziane waliteremka kwa kamba, taa vichwani, kwenye shimo la makaa ya mawe nyuma ya mji, na mdomo wa shimo ukaporomoka juu yao. Migodi ilishafungwa zamani, lakini watu lazima wale. Serikali ilisema mashimo hayapo, kwa hiyo hakuna aliyeteremka. Ndugu zao walipokwenda na sepetu, waliwakuta walinzi wamewekwa kulinda majani.

Mama mkwe, Fadma, akatoka jikoni, nyuma ya studio, akifuta mikono.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

"Mbona amekonda?"

"Ni taa yake, mama. Betri inaisha."

"Taa, taa! Mwanangu amekonda."

Hapo Yamna akakumbuka kitu, na roho ikamuuma. Kamera yake ina swichi ya kusafisha. Ukiiwasha, kila baada ya picha ya usiku kamera hupiga picha ya giza kimyakimya, ikaziondoa nukta zake kwenye ile ya kwanza. Mwezi mzima aliiwasha harusini na kuizima mezani tu, ambako nukta za joto zilimficha mumewe. Harusi baada ya harusi kamera ilikuwa ikimwona Mimoun na kumfuta, naye mkewe akifurahia picha safi. Akaizima moja kwa moja.

Akaipeleka picha kwa mkuu wa tarafa, Si Jilali, yaani Bwana Jilali. Mkuu alivaa miwani, akaitazama kwa makini.

"Ndio wenyewe," alisema. "Huyu wa katikati ni Bouziane. Amelala, mvivu yule."

"Basi tuchimbe, Si Jilali. Wako hai."

"Tuchimbe wapi, Lalla Yamna?"

"Shimoni!"

"Shimo lipi? Kwenye ramani yangu pale ni malisho ya kondoo. Nikipeleka tingatinga malishoni nitaulizwa linafuata nini. Nikisema shimo, nitaulizwa aliyeliacha wazi ni nani."

"Utasema ni wewe."

Mkuu akacheka, wala si kwa ubaya. "Una mdomo kama mumeo. Kamera yako haina kitu cha kusafisha?"

"Inacho."

"Kiwashe, dada yangu. Unajitesa bure."

Hakukiwasha. Mke wa Lahbib alikuwa akija kila jioni na mtoto mgongoni, wanakunywa chai mbele ya picha, wanamwonyesha mtoto baba yake. Kule chini wale watatu wakaanza kuwasha taa kwa zamu. Mwanga ukafifia, na kuwaona kukataka subira: dakika kumi, kisha robo saa, kisha nusu saa nzima ya giza.

Asubuhi moja Yamna alimpiga picha mwanafunzi, lenzi wazi, mara moja tu. Kwenye kola palikuwa na nukta nyeusi. Hiyo ni nukta baridi, chembe iliyokufa, haipokei mwanga tena na haihitaji kusubiriwa. Kufikia Ijumaa zilikuwa tatu, ile ya kushoto imejitenga. Yamna alilia mpaka sauti ikakauka. Jumatatu akafungua studio, kwa sababu watu walikuwa mlangoni wakitaka picha.

Mji mzima sasa una nukta tatu kwenye vitambulisho. Ofisi inazikubali, mradi zisizibe jicho.

Mwaka uliofuata Si Jilali akaja kupiga picha ya pasi, anakwenda Hija.

"Nikikaa hivi?"

"Mimoun yuko kwenye jicho."

"Na hivi?"

"Shingoni, wote watatu."

"Shingoni si mbaya. Piga."

Akapiga. Mkuu akaitazama picha yake muda mrefu.

"Siku hizi hawasogei?"

"Hawasogei."

"Mungu awarehemu."

Hakuna mtu wa serikali aliyewahi kutamka kwamba wamekufa. Yamna akashika ukingo wa meza. "Niandikie hivyo, Si Jilali. Kwenye karatasi. Kwamba mume wangu amefariki."

Mkuu akavua miwani, uso umejaa huruma ya kweli, na Yamna alitamani kumtwanga na kigoda.

"Nitaandika amefia wapi, dada yangu?"

Pasi ilitoka upesi. Muhuri ulipigwa shingoni, juu yao.