Chiriku Kamwacha Mumewe

Watu wanaosema habari za wasanii ni upuuzi, mimi huwa nawaangalia tu. Nasema moyoni, ninyi hamkukulia nyumbani kwetu. Kwetu hakuna jambo zito lililowahi kusemwa kavukavu. Dada yangu alipopata mimba hajaolewa, alikaa jikoni na mama wanachambua mboga, akasema, "Mama, umesikia yule mwigizaji mwenye mwanya? Eti ni mjamzito, na mchumba wake hata kujitambulisha kwao hajaenda."

Mama akachambua majani mengine mawili matatu. "Miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Huyo mwigizaji ale vizuri," mama akasema. "Na huyo mchumba apeleke wazee wake kwa wazazi wa binti, kabla tumbo halijatangulia." Jumapili iliyofuata wazee wakaja, wakapewa viti, mambo yakaisha. Jina la dada halikutajwa hata mara moja.

Tumelelewa hivyo. Mchezaji wa muziki akivunjika mguu, ujue babu kaanguka bafuni. Mtangazaji akihama kituo, ujue tunahama nyumba. Na tumeshaumbuka nayo pia, tusidanganyane. Kuna siku mama alimwambia mama mdogo kwenye simu, "Yule mchekeshaji mnene kafukuzwa kazi, masikini." Kesho yake asubuhi mama mdogo huyo mlangoni na mfuko wa mchele kichwani, macho mekundu, anamshika baba mkono anamwambia Mungu yupo, kazi nyingine itapatikana. Baba yuko na viatu vyake vya kazini, anachelewa, haelewi. Kumbe safari hii ni mchekeshaji kweli. Mchele tuliula hivyohivyo, kwa aibu.

Baba alishatangulia mbele za haki. Mama amebaki peke yake kwenye nyumba ile, na vyumba viwili vitupu. Mimi ni msusi. Nina kiti changu kwenye saluni moja ya mtaani, ukuta wa waridi uliopauka, feni moja inayozunguka kwa hiari yake, na runinga imetundikwa juu karibu na dari. Mama huja katikati ya wiki, mchana, watu wakiwa wachache. Kiti cha kwenye kioo hakitaki. Anavuta kigoda, anakaa katikati ya magoti yangu, amenipa mgongo, sote tunaitazama runinga. Kwa hiyo mimi namjua mama yangu kisogo zaidi kuliko uso. Akichukia, misuli ya shingo inasimama. Akifurahi, kichwa kinakuwa chepesi.

Siku hiyo ninayoisema mvua ilikuwa imenyesha na kukatika. Barabara inatoa mvuke, pazia la mlangoni limelowa chini, na ile harufu ya mafuta ya nywele na udongo ilikuwa imejaa humo ndani mpaka mtu unasinzia macho wazi. Chini ya draya alikaa mteja mwingine, tunamwita Mama Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Draya inamvumia masikioni, kwa hiyo hasikii kitu, na hiyo kwetu ilikuwa neema. Kipindi cha burudani kilikuwa kinaendelea. Picha zinakuja na kuondoka, magauni marefu, taa, watu wanacheka bila sauti nyuma ya sauti ya mtangazaji. Vidole vyangu vinagawa nywele vyenyewe. Nilikuwa kama niko ndani ya maji ya uvuguvugu.

Wakaweka wimbo mpya wa Chiriku. Huyu Chiriku ni mwimbaji, watu walimpa jina hilo kwa sauti yake nyembamba inayopanda mpaka unajishika kifua. Video yenyewe iko kwenye bustani ya ukungu. Yeye anatembea pole pole, gauni jeupe linaburuta kwenye nyasi, na mumewe, ambaye ndiye anamtengenezea muziki na watu wote wanamwita Produsa, amekaa kwenye kochi katikati ya bustani. Kochi limefikaje bustanini, usiniulize.

"Mimi huyu simwelewi tena," nikasema. "Tangu aolewe anaimba kama mtu anasoma tangazo la maji kukatika."

"Mwanangu, usimsingizie," mama akasema, anasinziasinzia. "Sauti anayo ileile. Ni huyo mume. Anaongeza ngoma, anaongeza vinanda, mpaka mwenyewe hasikiki. Sikiliza hapo. Anafungua mdomo, pwaa! vyombo vinamfunika."

Nikasikiliza. Ilikuwa kweli. Na hapo vidole vikasimama, kwa sababu mama alikuwa ameigusa shida yangu bila kujua.

Ngoja niseme wazi, mimi si mtu wa kuzungukazunguka, hata kama nimezaliwa kwenye ukoo wa wazungukaji. Nilitaka kumwacha mume wangu nirudi kwa mama. Hilo tu. Nililibeba kifuani mwaka mzima na nilikuwa sijui pa kulitua. Mume wangu hanipigi. Halewi. Kodi analipa. Lakini nikifungua mdomo nyumbani, anachukua rimoti anaongeza sauti ya runinga. Nikisema leo nimechoka, inapanda. Nikisema chakula tayari, inapanda. Nikilia, inapanda zaidi, mpaka majirani wanagonga ukuta wakidhani tuna sherehe. Hageuki hata kuniangalia. Kidole gumba tu, basi. Nimefika mahali naongea na sufuria.

Sasa nenda kamwambie mzazi unaacha ndoa kwa sababu ya rimoti. Na mzazi mwenyewe ndiye huyu wangu! Msanii akiachana na mumewe, mama yangu anamhukumu hapohapo, rufaa hakuna. "Mvumilivu hula mbivu," anasema. "Waliolewa kwa kamera, wanaachika kwa kamera." Mara moja mwigizaji alionyeshwa uwanja wa ndege na mabegi yake anarudi kwao, mama akafyonya kwa nguvu akasema, "Huyo mimi angekuwa wangu, angekuta mlango umefungwa." Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na yalinikaa. Mlango ule ndio pekee niliokuwa nao.

Wimbo ukaisha, matangazo ya sabuni yakaanza. Nikaona sasa au basi. 

"Mama. Umesikia? Chiriku kamwacha mumewe."

Shingo ikasimama chini ya vidole vyangu. Usingizi wote ulimtoka.

"Lini?"

"Bado... yaani, anajiandaa. Kuna watu wa karibu wamesema."

"Kamfumania?"

"Hapana."

"Anampiga?"

"Hampigi, mama."

"Hatoi matumizi?"

"Anatoa."

"Ehe! Sasa kamkosea nini?"

Nikavuta pumzi. "Akiongea, mume anachukua rimoti anaongeza sauti ya runinga."

 Matangazo yakaendelea, mtoto anaruka kwenye shuka jeupe, mapovu yanapaa kama mawingu. Mimi nasuka. Nimekaza nywele mno, najua nilikuwa namuumiza, na hakusema "taratibu" kama anavyosemaga.

Kumbe Mama Redio alikuwa amenyanyua draya ajikune. Ya Mungu mengi.

"Nani kamwacha nani?" akaruka. "Chiriku? Thubutu! Hiyo habari haipo! Mimi nalala nao, naamka nao hawa watu. Tazameni wenyewe!"

Na kweli, kipindi kikarudi, na nani kajaa kwenye kioo? Chiriku na Produsa wake, wanasherehekea ndoa yao. Bwawa la maji ya buluu, maua yanaelea juu, mishumaa inaelea, na wao wawili wamo ndani kiunoni, wanalishana keki. Ilikuwa picha nzuri sana, sikatai. Mwanga wa bwawa ule ulitumwagikia hadi sisi, ukacheza kwenye ukuta wa waridi na kwenye mikono yangu. Nikatamani sakafu inimeze.

"Umeona?" Mama Redio akasema. "Kamwacha wapi? Msusi, wewe unatunga!"

"Lisemwalo lipo," mama akasema, hakugeuka. "Kama halipo, laja."

"Hata likija! Hebu nielezeni, mwanamke gani mwenye akili zake anamwacha mume anayemlisha, kisa rimoti? Si anunue ya kwake?" Akacheka sana, kicheko cha mtu mzima aliyeshiba. Siku nyingine ningecheka naye, maana utani wenyewe haukuwa mbaya. Siku hiyo machozi yakanijaa. Nikainua kichwa niyazuie, nikashindwa. Tone moja likamdondokea mama kwenye mstari wa katikati ya kichwa, pale palipokuwa hapajasukwa. Nikalifuta haraka kwa kidole gumba nikidhani hatajua ni nini.

Mama akajipapasa pale tone lilipodondokea. Halafu akauliza polepole, "Na mama yake Chiriku kasemaje?"

"Hajamwambia."

"Kwa nini?"

"Anamwogopa," nikasema. "Anaogopa atakuta mlango umefungwa."

Mama akanyoosha mkono kwenye meza ya vitana, akaichukua rimoti, akazima runinga. Maua yale na bwawa lile vikafyonzwa katikati ya kioo vikapotea. Mama yangu! Huyu mtu ambaye hata msibani aliwahi kuomba waipunguze tu sauti, wasiizime. Mama Redio akasema, "Aa, jamani!" halafu akamwangalia mama usoni, na sijui aliona nini, akanyamaza.

Mama akageuka kwenye kigoda. Upande mmoja umesukwa, upande mwingine nywele zimesimama hewani, mvi nyingi kuliko nilivyozoea kuziona nikiwa nyuma. Akanishika magoti yote mawili.

"Mwanangu," akasema. "Wiki iliyopita nilikuja kwenu."

"Lini? Mbona sikukuona?"

"Nilifika mlangoni. Nikasikia sauti yako ndani, unamuuliza kitu, halafu nikasikia runinga inapanda. Ukauliza tena, ikapanda tena. Nikasimama pale na kikapu changu. Nikaondoka." Akanibana magoti. "Wiki nzima nasubiri uniletee habari ya msanii yeyote. Ningeikubali yoyote ile."

Kitana kikanidondoka sakafuni. 

"Baba yako alikuwa mtu mwema," akaendelea. "Hakunitukana hata siku moja, kila mtu anajua. Ila alikuwa hanijibu. Nikisema neno, ananitazama kama naongea na mtu aliyesimama nyuma yake. Ndipo nikaanza kuwafuatilia hawa. Nani kazaa na nani, nani kahama nyumba, nani kanyoa nywele. Unadhani nawapenda? Sikuwa na mtu wa kuongea naye ndani ya nyumba. Nikawazoea, nikawafundisha na ninyi. Na nilikuwa nawasema wale wanaoondoka kwa sababu wao waliweza." Akanifuta shavu kwa kiganja chake, kwa nguvu, kama unavyomfuta mtoto mdogo makamasi. "Sitaki wewe uje uwajue kama ninavyowajua mimi."

Nje kulikuwa na maji yanadondoka kutoka kwenye bati, tone, kisha tone. Feni ikazunguka. Mama Redio alikuwa amejirudisha chini ya draya taratibu, na alikuwa amesahau kuiwasha.

"Unakuja leo au kesho?" mama akauliza.

"Leo," nikasema.

"Basi nimalizie hizi nywele, tupite kwako tuchukue nguo zako, twende."

Akageuka akanipa kisogo. Nikachukua kitana.  Nikaanza kumweleza, mwanzo kabisa, tangu siku ya kwanza rimoti ile iliponipandishia sauti, nikamweleza na mambo mengine ambayo hayakuhusu kabisa, bei ya mafuta ya nywele, ndoto niliyoota, mteja aliyeniudhi. Niliongea mpaka kichwa kikaisha, na kila nilichosema, mama alinijibu.