Bega la Bosi Sumu

Msiba ulikuwa wa Optatus, lakini vijana waliokuja Kakese kwa baiskeli kutoka Mpanda mjini walikuja kumlilia Bosi Sumu. Ndilo jina walilomjua nalo: jambazi mkuu aliyemwigiza katika mchezo wa televisheni wa Dar es Salaam, ambao kanda zake zilifika kwa treni na kuonyeshwa kwenye banda la video, jenereta likinguruma nje. Mwili haukuja. Mvua za El Nino zilikuwa zimekata reli, akazikwa hukohuko Dar na wasanii wenzake.

Mama yake, Theopista, alikaa mkekani macho makavu. Mchezo ule hakuwahi kuuona. Alichojua ni kwamba kisimani walimwita mama jambazi, na kanisani wanawake walikumbatia vikapu vyao kila alipoketi karibu, wakichekeana. Optatus alipokuja likizo mwaka juzi, alimkuta mama amesimama mlangoni.

"Kaache kwanza huo ujambazi, ndipo uje ule ugali wangu."

"Mama, ule ni mchezo."

"Mchezo wa kuua watu? Ndicho nilichokuzalia?"

Akalala kwa dada yake, Josefina, kesho yake akapanda treni. Hawakuonana tena. Sasa Theopista alitaka jambo moja tu, kumkumbuka mwanawe bila bunduki. Kwa hiyo vijana walipoomba kuleta televisheni uani wamuage kwa kanda, alikataa.

"Hapa tunamlilia mtu," alisema. "Huyo wenu mlilieni hukohuko bandani."

Lakini mtani hakatazwi. Wasukuma wa pale walikuwa watani wa Wapimbwe, kabila la Theopista, na kazi ya mtani msibani ni kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Siku ya kuanua matanga, Manyanda, fundi baiskeli wa Kisukuma aliyekesha bandani miaka yote, akaingia uani na koti refu la mvua na miwani nyeusi, kashika kijiti kama bastola.

"Nyie Wapimbwe, mikono juu. Toeni wali wote mliouficha."

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akainua mikono pamoja na kikombe chake cha chai.

Kisha Manyanda akapoa. Akatembea taratibu, bega moja limeshuka, akachuchumaa mbele ya Josefina na kumtengenezea khanga. Akasema kwa upole kabisa, "Kaa, mwanangu. Umekula? Kula kwanza. Tutazungumza ukishiba."

Vijana wakapiga miluzi. Ndivyo Bosi Sumu alivyowaambia watu kabla ya kuwamaliza.

Josefina hakucheka. Alimtazama mama yake. Theopista alikuwa amejishika bega, lile lililoshuka tangu alipoanguka na mzigo wa mpunga akiwa msichana. Ndivyo yeye alivyowaadhibu wanawe, kwa maneno hayohayo. Hakupaza sauti, na hakumchapa mtoto mwenye njaa. Alimpa chakula, akamngoja amalize. Watu wa miji asiyoijua walikuwa wakiiogopa sauti yake, naye hana habari.

"Hayo umeyatoa wapi?" akamuuliza Manyanda.

"Si yangu, mama. Ni yake. Alifanya hivyo kila mara."

"Basi leteni hiyo kanda. Leteni leo."

Vijana wakatazamana. Ambrosi, mwenye banda, akakuna kisogo.

"Mama, juzi ulipokataa niliona haina kazi tena. Nimerekodi ngumi juu yake. Zile nyingine zilishakwisha kwa kuchezwa."

Theopista akamgeukia Manyanda, aliyekuwa ameshavua miwani.

"Rudia."

"Utani umekwisha, mama. Nikirudia sasa nitakuwa namcheza kweli."

"Mcheze kweli."

Manyanda akashusha bega. Safari hii hakuna aliyecheka. Akachuchumaa mbele ya mama, akasema, "Kaa, mwanangu," sauti ikamkwama hapo. Theopista akangoja yaliyobaki, mikono mapajani, kama mtoto anayelijua kosa lake.