Kucha Mbili Chini ya Chungu

Chungu cha nne kilipasuka Alhamisi, saa tano asubuhi, maharage yakisubiri tui la mwisho tu. Kililia mara moja, mchuzi wote ukamwagikia mafiga. Filomena alisimama na mwiko mkononi akitazama moto unavyozima, na wateja waliokwisha kaa kwenye benchi wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakainuka, wakavuka barabara kwenda kula kwa Noela.

Hapo ndipo roho ilipomuuma. Wali kila mtu Bunju anapika. Filomena alifuatwa kwa maharage ya nazi ya kwenye chungu cha udongo, watu wakitoka mpaka Mapinga, na yakihamia kwenye sufuria yanakuwa maharage kama ya kwenu tu. Bila chungu genge linafungwa, wala tusidanganyane. Na huyo Noela, aliyefungua juzijuzi hapo ng'ambo, naye alipikia chungu, tena chungu chake hakipasuki.

Vyungu vya Filomena vilitoka Bagamoyo, kwa mfinyanzi mmoja mtu mzima aitwaye Bi Mwanakombo. Miaka kumi na miwili nyuma Filomena alimfuata mwenyewe hadi uani kwake, wakashibana kama mama na mwana. Bibi ndiye aliyemfundisha kugonga chungu kwa kidole kabla ya kukichukua: kizima kinaitika, kibovu kinanung'unika. Baadaye genge lilichangamka, nafasi ya kusafiri ikakosekana, na kazi ya kuleta vyungu akaishika mumewe, Sebastian, kwa bodaboda yake, tenga nyuma limejazwa nyasi. Mwaka wa tatu sasa Filomena hajatia mguu Bagamoyo, na bibi mwenyewe mambo ya simu hayataki.

Jumapili, akitoka kanisani, alipita mbele ya genge la Noela akaona vyungu viwili vimefudikizwa juani vikauke. Macho hayana pazia. Chini ya kila kimoja palikuwa na alama mbili za kucha, zimepinda, sawa na anazoweka Bi Mwanakombo. Na vile vinavyompasukia yeye navyo vina mistari miwili. Basi hesabu ikawa nyepesi kichwani mwake: bibi anawauzia wote wawili, Noela anapata vya maana, yeye anatupiwa mabaki.

"Kwa hiyo fadhila za punda ni mateke," alimwambia mumewe jioni ile. "Nitamfuata anieleze."

Sebastian alikuwa anapaka oili mnyororo wa pikipiki, hakuinua macho. "Ya nini kujisumbua, mama Kasiani? Wazee wa siku hizi ukiwaamini umekwisha. Achana naye, mie nitakutafutia kwingine."

Lakini wivu wa biashara haulali. Jumatatu, siku ambayo genge halifunguliwi, alimuaga mumewe kwamba anakwenda msibani Kibamba, akafunga vigae vya chungu kwenye kanga, akapanda gari la Bagamoyo.

Mji ulimpokea kwa majumba yake ya mawe na milango ya nakshi, na kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni akamkimbilia. "Karibu mama, nikutembeze, tuanze na magofu."

"Mie sikuja kutazama mawe," Filomena akamjibu, akampita.

Muuza kashata wa pembeni alimwelekeza kwa Bi Mwanakombo, ila akasitasita. "Leo wanachoma, dada. Heri ungekuja kesho."

Heri kesho! Filomena akaona hata muuza kashata amepangwa. Wanafichana nini watu hawa? Akakaza mwendo.

Uani moshi ulikuwa umetanda. Wanawake watatu walikaa mkekani kuzunguka lundo la makuti na makumbi yanayowaka, vyungu vikiwa ndani yake. Bi Mwanakombo alikuwa katikati, amekonda kuliko zamani.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi wenyewe. Shikamoo, Bi Mwanakombo."

Bibi alimtazama, macho yakamtoka, kisha akaweka kidole midomoni. Wale wawili wakainamisha vichwa. Jamani, Pwani hii hata adui yako ukimwamkia atakupa marahaba yako, ugomvi uje baadaye. Kunyimwa marahaba! Filomena alijua sasa kwamba amewakamata, ndiyo maana ndimi zimewakauka.

Akafungua kanga, vigae vikaanguka miguuni pa bibi. Akasema yote. Alisema alivyomwita mama, alivyompokea kwake siku ya komunyo ya Kasiani na kumkalisha kiti cha mbele. Alisema wateja wanavyovuka barabara kila siku yeye akiwatazama. "Ungeniambia tu kwamba umepata mwingine. Kumbe unanipa sumu kidogokidogo. Mwizi mkubwa wewe."

Machozi yalimlenga bibi, lakini hakufungua kinywa. Ndani ya moto kitu kikalia, tak. Wale wanawake wawili wakashtuka pamoja. Filomena akaendelea mpaka maneno yakamwishia, akakaa kwenye kinu kilicholala, akasubiri kwa hasira.

Moto ulichukua muda wake kuzima. Makumbi yalipokuwa majivu, Bi Mwanakombo aliinuka, akajifuta mikono, akamjia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unisamehe kwa kukuweka. Vyungu vikiwa motoni sie hatusemi neno, hata aje nani. Chungu motoni kina masikio. Siku ile ya kwanza ulikaa palepale, ukanyamaza na sie mpaka mwisho. Umesahau?"

Alikuwa amesahau. Alikumbuka sasa, moja baada ya jingine, hata alivyobanwa na kikohozi siku ile akakimeza. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Bibi akaokota kigae, akakigeuza. "Hiki si changu. Hiki ni cha wale wauza miche barabarani, cha kupandia maua, kabla hakijatobolewa. Ukikigonga kitaitika, ila kupikia hakifai. Na alama, hebu tazama. Mie natia ukucha udongo ukiwa mbichi. Hii imekwaruzwa kwa msumari, chungu kimeshakauka. Nani kakuletea?"

"Baba Kasiani," alisema Filomena.

"Sebastian? Si alikuwa hapa Jumatano iliyopita, kachukua viwili. Mbona haachi kuja? Kaniambia umefungua genge la pili, ng'ambo ya barabara, umemweka mdogo wako."

Filomena aliwashuku wote, hadi muuza kashata, lakini anayelala naye kitanda kimoja hakumpitia akilini hata kwa bahati mbaya. Alipiga magoti kwenye majivu akamshika bibi miguu, akalia kwa ajili ya mambo mawili kwa pamoja.

"Nimekusamehe," Bi Mwanakombo akasema. "Lile neno la wizi litanikaa siku mbili tatu, nisikufiche. Njoo Jumatatu ijayo, uje mwenyewe, uchague."

Vyungu vikatolewa. Vinane vilikuwa vizima. Cha tisa kilikuwa na ufa, kutoka mdomoni hadi tumboni.

"Hiki kimekusikia," bibi akasema.

"Nipe hicho," akasema Filomena.

Alifika Bunju alasiri. Sebastian alikuwa anaosha pikipiki, akatabasamu. "Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Nishikie hiki."

Sebastian akakipokea, na kwa mazoea akakigonga kwa kidole. Kikanung'unika. "Kibovu hiki, mama Kasiani. Umekitoa wapi?" Akakigeuza, akaona kucha mbili chini yake. Mkono wake ukabaki palepale.

"Bi Mwanakombo anakusalimu," Filomena akasema. "Anauliza genge letu la pili linaendeleaje."

Sebastian akafungua kinywa. Filomena akaweka kidole midomoni, kama alivyowekewa yeye kule, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na lile tenga la vyungu, mashati na suruali za mumewe zimekunjwa ndani yake, nyasi zimezungushiwa pembeni. Akalifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, akalivuta kuhakikisha halichezi.

"Si mbali," akamwambia. "Vuka barabara."