Mustang ya Kipawa

Bisibisi ya fundi Cyprian ilizama kwenye sakafu ya gari kama iliyochoma muhogo uliooza. Fundi akaichomoa, akaitazama kutu iliyoganda nchani. Mzee Mwinjuma alisimama pembeni na kitambaa chake cha kufutia vumbi, bado akitabasamu.

Mustang ile nyekundu, gari la Kimarekani, aliinunua zamani kwa mzungu wa shamba la mkonge aliyeondoka nchini kwa haraka. Serikali iliporuhusu magari ya nje kuingia kwa wingi, kila mwenye vijisenti pale mtaani Kipawa akaagiza kigari cha Kijapani kisichonywa mafuta, na wote wakamcheka. Akatia pamba masikioni. Injini ile ilipounguruma alisahau kwamba bandarini wamempunguza kazini, akawa tena kijana wa kugeukiwa na watu njiani. Asiye nayo haelewi, na mwenye nayo hawezi kueleza. Tena alikwisha mwahidi Najma, binti yake wa pekee, kwamba siku ya harusi atatolewa nyumbani kwa gari hilo. Harusi ilikuwa kesho.

"Mzee, huwa unaliosha kwa maji gani?" Cyprian aliuliza.

"Ya kisima. Kila alfajiri nikitoka kuswali, mpaka uvunguni. Bomba la huku unaliona linatoa maji?"

Cyprian akainamisha kichwa. Maji ya kisima kile yalikuwa ya chumvi. Sabuni haikutoa povu, na Rukaiya, mke wa mzee, hakuthubutu kuyapikia chai. Mwinjuma aliyajua yote hayo, ila hakuwahi kufikiri kwamba bati nalo hudhurika.

"Ungeliacha na vumbi lake lingepona," fundi alisema taratibu. "Chini kote kumekwisha, mzee wangu. Nikichomelea, moto hauna pa kushika."

Mwinjuma akakikunja kitambaa chake. Moyo ulimwuma kama wa mtu aliyemlisha mwanawe sumu akidhani ni uji.

Kesho yake alasiri vigelegele vilijaa uani. Najma, amejifunika buibui jipya, aliliacha gari la kukodi likimngoja, akamfuata babake aliyekuwa ameketi kwenye usukani wa Mustang.

"Baba, shuka basi uniage. Wananisubiri."

Alitamani kushuka. Lakini sakafu ilikuwa imekatika chini yake, miguu imekanyaga mchanga, naye hakutaka mwanawe aone. Akapitisha mkono dirishani, akaushika ule wa binti wenye hina mbichi.

"Tangulieni, mwanangu," akasema. "Mie nakuja nyuma yenu."