Mche wa Laetitia

Dancille alisikia bunduki ikikokiwa nyuma yake. Hakugeuka. Maji ya kidumu yakammwagikia miguuni badala ya kwenye mche.

"Mama Laetitia," alisema Sebarenzi, msimamizi wa ranchi. "Nani alikuambia upande muti hapa?"

"Iko ya mutoto wangu, Papa. Ni ukumbusho tu."

Bomu lililoangukia ukumbi wa masomo wa chuo hiki liliua wanafunzi, Laetitia akiwemo. Mkurugenzi wa chuo, mtu wa mjini, akaona vyema kila mzazi ampandie mwanawe mche wa gerevilea pale uwanjani. Wazo zuri, kwa asiyeijua Masisi. Huku anayelima udongo wa kukodi hupanda maharagwe, hupanda mahindi, kitu cha kuvuna na kuondoka. Akipanda mti, amesema ardhi ni yake. Dancille alilijua hilo tangu utotoni. Alipanda akiogopa, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kumnyima mwanawe.

"Mukubwa mwenye ranchi aliazimisha chuo hii kiwanja," Sebarenzi akaendelea. Upole wake ulimtisha Dancille kuliko bunduki ya mlinzi wake. "Leo unaita ukumbusho. Kesho watoto wako watasema: muti yetu iko pale, udongo njo yetu. Na ile shamba unalima maharagwe, si iko ya mukubwa vilevile?"

Wanawe waliobaki walikula kutoka shamba lile.

Akamtazama mkurugenzi, aliyesimama mlangoni pa chuo na suti yake.

"Papa Directeur, si wewe ulituita tupande?"

"Fanya vile wanasema, Mama." Alikuwa akiviangalia viatu vyake. "Tutaandika majina yao ku ukuta."

"Wewe mwenyewe njo utaing'oa," alisema Sebarenzi. "Wengine waone."

Dancille akapiga magoti. Mizizi ilikuwa imeshika, ikabidi achimbe kwa kucha, akiogopa kuikata na akiogopa kuchelewa. Akaufunga mche kwenye kitenge pamoja na udongo wake, akaondoka bila kuaga.

Kwenye barabara ya Kirolirwe alikutana na jirani yake Pétronille, aliyekuwa akitoka kupalilia.

"Utaipanda wapi sasa, dada?"

Dancille akatazama kulia: ua wa ranchi. Akatazama kushoto: ua wa ranchi, na ng'ombe wakila majani. Nyumba aliyolala ilikuwa ndani ya ua huohuo. Nyuma yake gari la Sebarenzi likapiga honi apishe njia, naye akasimama palepale katikati, amekumbatia mche, hajui apishie upande gani.