Wageni wa Gunia la Nne

Miaka arobaini ya kutengeneza saa ilimfundisha fundi jambo moja: kinachotembea ndicho kinacholeta matatizo. Kwa hiyo majani ya viazi vyake yalipoanza kujikunja na kunata, hakuhangaika na vile vipunje vya kijani vilivyotulia tuli chini ya majani kama vumbi. Aliwashuku wale wadudu weusi wenye madoa ya rangi ya machungwa na miiba mgongoni, waliopita huku na huko bila haya. Kwa sura zile, hata wewe ungewahukumu bila kesi.

Viazi vyenyewe vilikuwa magunia manne tu ya udongo nyuma ya nyumba, lakini havikuwa vya kuchezea. Mbegu ile ya ganda la zambarau ilikuwa ya marehemu mke wake, aliyeitunza msimu hadi msimu mpaka alipofariki. Iliyowekwa stoo ilioza yote. Magunia haya yakifa, mbegu imekwisha.

Basi akachukua kibano chake cha kushikia skrubu, akaketi kwenye kigoda, akawaokota wadudu mmoja mmoja na kuwatosa kwenye kopo la maji ya sabuni. Alifanya hivyo siku mbili, mkono haukutetemeka hata mara moja, na moyoni alijisifu.

"Shemeji, unavua samaki?" aliuliza mdogo wa marehemu, aliyekaa nyumba ya pili na ambaye siku haikupita bila kumtania.

"Navua wezi."

"Mbona majani yanazidi kukunjamana? Angalia, shemeji, kikulacho ki nguoni mwako."

Siku ya tatu alimbana mdudu mmoja aliyebaki gunia la nne. Mdudu hakuachia alichokishika mdomoni. Kwa mazoea tu, fundi akapachika lenzi yake jichoni.

Kile alichokiita vumbi kilikuwa na macho, na miguu iliyopiga hewani, na yule mweusi alikuwa akikifyonza mpaka kikabaki ngozi. Akageuza jani. Vumbi lote lile lilikuwa vidukari, wamejazana pale, midomo yao kama sindano imezama kwenye mshipa wa jani, wanakunywa. Mmoja alikuwa anazaa. Mtoto alitoka kinyumenyume, mzima, akasimama, akachomeka mdomo na kuanza kunywa papo hapo. Fundi aliwahi kufungua saa ndogo kuliko ukucha, akadhani udogo wote ameuona. Kumbe alikuwa hajaona kitu.

Kisha akalitazama kopo.

"Shemeji," aliita, "nimewaua waliokuwa wananisaidia."

Shemeji akaja, akachungulia kopo, utani ukamkauka. "Hao ni watoto wa wale wadudu wekundu wa mviringo, wenye madoa meusi. Dada alikuwa anawaita wageni wake. Hakukuambia?"

Alimwambia. Hilo ndilo lililomchoma. Miaka yote mke wake aliita kutoka huku nyuma, "Njoo uone," naye akajibu dirishani, "Nina saa ya mtu mkononi."

Yule mmoja akarudishwa kwenye jani lake. Magunia matatu waliyafuta majani kwa kitambaa cha maji ya sabuni, juu na chini. Walipofika la nne, lenzi ikakuta mayai ya njano chini ya jani, yamesimama wima, yamebanana. Shemeji akanyoosha kitambaa, fundi akamshika mkono.

"Ya nani hayo?" shemeji akauliza.

"Sijui. Safari hii nasubiri nione."

Asubuhi ya tano tangu wayaone, mayai yalipasuka. Walitoka weusi, wadogo kuliko nukta, wakakaa juu ya maganda yao mpaka miguu ikakauka, halafu wakashuka kuwaendea vidukari bila kufundishwa na mtu. Kwenye magunia mengine majani machanga yalikuwa yanafunguka, yamenyooka. Machozi ya fundi yalijaa ndani ya lenzi, ikabidi aipanguse mara mbili.

"Shemeji, njoo uone," aliita.

"Nina sufuria motoni," sauti ikajibu kutoka jikoni, nyumba ya pili.

Jibu hilo fundi alilijua vizuri. Akainuka, akaenda mpaka kwenye jiko la shemeji yake, akaiepua sufuria kwa mikono yake mwenyewe, akamwekea lenzi kiganjani.