Bega la Sista Pelkonen

Nilipozinduka, theluji ya Thunder Bay, huku Kanada, ilikuwa ikipanda juu dirishani badala ya kushuka, na bega langu la kulia linawaka moto.

"Mmenipasua bega, wapumbavu nyie!" nikafoka. "Mimi niliwaletea nyongo yenye mawe!"

Nesi Marivic akacheka. "Nyongo imeshatoka, Sista, kwa vitundu vinne tu. Hiyo ni hewa waliyokujaza tumboni, imepanda begani. Dawa yake kutembea."

"Sitembei."

"Kumbatia mto tumboni, tuinuke."

Nilikuwa puto, dari linanivuta. Tulipofika koridoni nikapiga hatua moja, kisha ya pili. Taa za korido zilielea, na mkono wa Marivic mgongoni ndio ulionizuia nisipae.

"Nihurumie, mwanangu. Nani kakufundisha ukatili huu?"

"Wewe, Sista. Wodi hii hii, mwaka wangu wa kwanza. Ulituambia pole haimponyi mtu, miguu ndiyo inayoponya."

Miaka thelathini na moja niliwatembeza wagonjwa hapa. Nilijua korido hii ni hatua arobaini, fupi tu.

"Zimebaki ngapi?" nikauliza.

"Thelathini na nane," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Pole, Sista."